Grisi ya Mahali Penye Moto Haichaguliwi kwa Rangi



Matatu yenye abiria 14 ikishuka mlima mrefu, breki hugeuza mwendo kuwa joto. Joto hilo hupita kwenye diski hadi kwenye hubu, palipo na beringi. Grisi ya humo ikiyeyuka, huvuja. Beringi ikikauka huungua na kukwama, na gurudumu laweza kuchomoka. Grisi hiyo ikifika kwenye pedi, dereva hukanyaga breki na gari lisishike.

Dukani, wengi huuliza rangi. Eti nyekundu ndiyo ya moto, au buluu. Rangi haithibitishi lolote, kila kampuni hutia yake. Kinachosomwa ni maandishi ya mkebe.

Grisi ya kawaida ya lithiamu hugeuka majimaji na kudondoka kwenye nyuzi 180 hadi 190 hivi za Selsiasi. Fundi akiona 180 hudhani inafanya kazi hadi hapo. Sivyo. Hapo ndipo inapoharibika. Kwa kazi ya siku nzima, isipite takriban 120. Iliyoandikwa "lithium complex" hudondoka baada ya kupita 250, na hufaa hadi karibu 150. Ndiyo ya kutafuta kwa hubu za gari lenye breki za diski. Zipo pia grisi za udongo wa bentonaiti, ambazo hazidondoki kabisa, lakini mafuta yake huungua, ukabaki udongo mkavu.

Grisi ya udongo na ya lithiamu hazipatani. Zikichanganywa hulainika na kuvuja, hata kama kila moja ni nzuri peke yake. Beringi ioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabla ya kutiwa aina mpya. Hubu nayo isishindiliwe hadi pomoni, maana grisi iliyozidi husukwasukwa na kuzalisha joto lake yenyewe. (Beringi zilizofungwa kiwandani haziongezwi grisi. Zikichoka, hubadilishwa.)

Pini za kalipa hutaka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake, pini hukwama, na pedi hubaki zikisugua diski.

Kwa bolti za ekzosi hakuna grisi ya kawaida itakayobaki. Hapo hupakwa pesti ya shaba, inayostahimili takriban nyuzi 1,000, ili bolti ifunguke siku nyingine. Pesti hiyo si ya beringi.

Waoka mikate hupaka bawaba za tanuri oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Huungua, hutoa moshi na kuacha masizi, tena karibu na chakula. Bawaba hutaka kilainishi kikavu. Grafiti hustahimili hewani hadi nyuzi 450 hivi. Kwa mnyororo au sehemu iliyo juu ya mikate, atafutwe muuzaji mwenye mkebe wenye alama H1, inayoonyesha kilainishi cha mashine za chakula, na kiwango chake cha joto kisomwe vilevile.

Mwenye matatu aombe kuonyeshwa mkebe kabla hubu haijafungwa, na jina la grisi liandikwe kwenye risiti. Fundi wa gereji nyingine atalihitaji.