Doluka Irudi Uwanjani
Hotuba kwa wakazi wa Kaloleni, Kisumu

Mababu wa ndugu zetu Wanubi waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza. Wengine wakafanya makao Kibos, hapa jirani. Sherehe yenu ya kila mwaka imelala. Doluka imebaki ya harusini, na mtoto akisemeshwa Kinubi anajibu kwa Kiswahili.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 44, inawapa haki ya lugha na utamaduni wenu; Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Lakini hema na vipaza sauti havifundishi mtu kusuka tabaga. Akina mama, waiteni wasichana sasa, msingoje siku yenyewe. Tarehe chagueni ninyi, ila isigongane na mitihani.