Jamaa kubwa iweke akiba ya kiasi gani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama, Kashuga

 

Mliniuliza swali moja: jamaa ya watu 8, 9 ao 12 iweke franga ngapi kwa ajili ya shida za ghafula? Katika vikao vyetu jibu linalokuja mbio ni hili: "Sisi tuko wengi, hatuwezi." Leo tuhesabu pamoja, kisha kila mtu ajionee mwenyewe.

Huko mijini, wenye mshahara wanashauriwa kuweka akiba ya kuwatosha miezi 3 hadi 6. Shauri hilo ni zuri kwa mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Lakini mtu aliyerudi kutoka kambi akakuta nyumba haina mabati, anayelimia wengine ili watoto wale jioni, kwake miezi 6 ni mlima. Akisikia hesabu ile anaacha kabisa. Kwa hiyo tusianze na miezi. Tuanze na shida zenyewe. Tuko na tatu zinazorudi kila mara: mgonjwa wa usiku, kukimbia, na msimu kufika bila mbegu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Ya kwanza, mgonjwa. Mtoto anapandisha homa usiku, ao mama anashikwa na uchungu. Hata pale matunzo yanatolewa bure, moto ya kwenda Mweso inalipwa, na anayelinda mgonjwa lazima ale. Tuseme franga 30,000. Angalieni sasa: mwenye moto haulizi mmebaki wangapi nyumbani. Jamaa ya watu 4 na jamaa ya watu 9 wanalipa sawasawa. Tofauti ni kwamba penye watoto wengi homa inapita mara nyingi, kwa hiyo jamaa kubwa ikitumia franga hizo inapaswa kuzirudisha mbele ya kufikiria kitu kingine.

Ya pili, kukimbia. Ninyi ndio mnajua kunishinda: siku za kwanza hakuna anayekuandika kwenye liste, na chakula unachokula ni kile ulichobeba ao ulichonunua. Tuchukue siku 7, franga 1,000 kwa mtu kwa siku. Watu 9 ni franga 63,000. Watu 4 ni 28,000. Hii ndiyo sehemu inayokua pamoja na vinywa.

Ya tatu, mbegu. Hapa tunapanda maharagi mara mbili kwa mwaka, kwenye mwezi wa 9 na tena kwenye mwezi wa 2 ao wa 3. Anayekosa mbegu kwenye mwezi wa 9 anakopa, kisha anauza mavuno yangali shambani, na njaa inamfuata mpaka msimu mwingine. Mbegu hazifuati idadi ya watu, zinafuata ukubwa wa shamba. Tuseme kilo 20. Hizo zisiwekwe kwa franga, ziwekwe zenyewe, sababu bei ya maharagi inapanda kabisa wakati kila mtu anatafuta ya kupanda.

Sasa tujumulishe. Jamaa ya watu 9: 30,000 na 63,000, ni franga 93,000, pamoja na kilo 20 za mbegu. Jamaa ya watu 4: franga 58,000, na mbegu zake. Watu wamezidi mara mbili, lakini akiba haikufika mara mbili. Wingi wetu unaongeza mzigo wa kukimbia. Hauongezi kila kitu. Kwa hiyo mtu asizidishe kila shida mara watoto alionao, atakata tamaa bure.

Tutafikaje? Baba aweke 1,000 kwa wiki, na mama 1,000. Kwa wiki 15 mnapata 30,000, mgonjwa ana moto yake. Mkiendelea hivyo, kwa wiki 47 mnafika 94,000. Wiki isiyo na kazi, wekeni 200, hata 100, lakini msiruke. Na kijana mkubwa anayesukuma chukudu anaweza kuleta sehemu yake.

Swali lingine ni wapi pa kuweka. Mwisho wa mwezi wa 1, mwaka 2025, wakati vita vilipoingia Goma, benki za mji zilifunga milango. Watu wenye franga zao halali walikosa za kununua unga. Hata franga za simu zinahitaji ajenti mwenye noti mkononi. Na noti zilizochakaa zikaanza kukataliwa sokoni. Fundisho ni hili: zisikae mahali pamoja, na zile za nyumbani ziwe noti nzuri. Za mgonjwa zikae karibu. Za kukimbia zigawanywe kati ya baba na mama, sababu njiani watu wanapotezana. Mahali pa kuzificha sitasema hapa, jarida hili linasomwa na wengi. Lakini bwana na bibi wote wawili wajue. Akiba inayojulikana na mtu mmoja inapotea pamoja naye.

Kwa wale wenye AVEC: mfumo huu ulianza Niger mwaka wa 1991, kati ya wanawake wa vijijini, na shirika CARE. Sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, na pembeni kuna kasha ya mshikamano kwa ajili ya shida. Ni nzuri kwa zile za kukimbia. Lakini kama mmoja wa wenye funguo amekimbilia njia nyingine, sanduku limekuwa jiwe. Andikeni sheria leo, wakati kuna utulivu: hali ikianza kuharibika, nani anaita kikao, na franga zinagawanywa siku gani mbele ya watu kuondoka.

Nimesikia pia mama akisema: "Nikiweka akiba, wa jamaa watakuja kuomba." Ni kweli. Wengi wenu ni jamaa kubwa sababu mlipokea watoto wa ndugu waliokufa ao kupotea. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini franga ya mgonjwa ina jina lake. Ukiulizwa, jibu: "Ile ni ya mgonjwa," na ukweli utakuwa upande wako.

Kwa wafazili neno langu ni fupi. Akiba hii haichukui nafasi ya msaada. Inatosha siku 7, si msimu mzima. Na mbegu zenu zifike mbele ya mvua ya mwezi wa 9. Zikifika kisha, zitaingia ndani ya chungu, na mama hatakuwa na kosa.

Mkirudi nyumbani leo, kaeni bwana na bibi, hesabuni vinywa, hesabuni shamba, ulizeni bei ya moto. Leteni hesabu zenu kwenye kikao kinachokuja, tuziangalie pamoja.