Asili ya Dini ya Kiislamu



Waislamu hawahesabu miaka yao tangu Mtume Muhammad alipozaliwa, wala tangu alipoteremshiwa wahyi wa kwanza. Huhesabu tangu safari. Mwenye kuifahamu sababu yake amekwisha fahamu sehemu kubwa ya asili ya dini hiyo.

Mtume alizaliwa Makka yapata mwaka 570. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake alipokuwa mtoto wa miaka 6. Akalelewa na babu yake, kisha na ami yake, Abu Talib. Makka ilikuwa katika bonde kavu lisilootesha nafaka, na wenyeji wake, Makureshi, waliishi kwa misafara ya ngamia na kwa wageni waliokuja kuyazuru masanamu ya Al-Kaaba. Mwaka 610 hivi, naye ametimiza miaka 40, Muhammad alipata wahyi katika pango la Hira. Wa kwanza kumsadiki alikuwa mkewe, Bibi Khadija.

Alihubiri kwamba Mungu ni Mmoja, hana mshirika, na kila mtu ataulizwa matendo yake Siku ya Kiyama. Maneno hayo yaligusa biashara ya Makureshi, tena yakavunja kiburi cha ukoo, maana mbele ya Mungu huyo mtumwa na bwana husimama safu moja. Bilal, mtumwa mwenye asili ya Habash, alilazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe zito kifuani ili aikane imani yake. Hakuikana. Abu Bakr akamnunua, akamwacha huru. Wengine walikimbilia Habash kwenyewe mwaka 615, na mfalme wa huko, Najashi, aliyekuwa Mkristo, akawalinda.

Bibi Khadija na Abu Talib walifariki mwaka 619, na mwaka 622 Mtume akahamia Yathrib, ndiyo Madina. Katika Bara Arabu ya siku zile ulinzi wa mtu ulikuwa ukoo wake. Aliyeuacha aliyahatarisha maisha yake. Waliohama waliacha nyumba na mali, na watu wa Madina wakawapokea kama ndugu wa tumbo moja. Ukazaliwa umma uliofungwa kwa imani, si kwa damu. Khalifa Umar, alipoweka kalenda, alianzia hapo.

Muislamu huamini malaika, vitabu na mitume wote, Musa na Isa wakiwemo. Hutoa shahada, husali mara 5 kila siku, hufunga Ramadhani, na akiweza huenda haji. Zaka ya fedha iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka ni fungu moja katika 40, nayo ni haki ya maskini, wala si hisani ya tajiri.

Mwaka 630 Mtume alirudi Makka na jeshi kubwa, akawasamehe wengi wa waliomtesa. Masanamu yakavunjwa, na aliyepanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, kama wapokezi wanavyosimulia, alikuwa Bilal.