Zawadi na mtoaji wake: Mafundisho ya Wayahudi juu ya matoleo



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya matoleo ya jubile. Tumeona vema kuanza kwa Wayahudi, kwa kuwa Bwana wetu alizaliwa kwao, na kutoa alijifunza katika nyumba ya Mama yake. Tangu mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatuhimiza kuwafahamu na kuwaheshimu. Katika seminari ndogo tulikaririshwa Kilatini miaka mingi, lakini Kiebrania hatukukionja. Haya tuyasemayo tuliyapata baadaye, katika vitabu tulivyoazimwa na mapadri.

Kwa Kiebrania toleo la Hekaluni huitwa korban, na shina la neno hilo ni kukaribia. Basi, mwenye kuleta kondoo au unga haleti kitu tu: ni yeye mwenyewe anayesogea mbele ya Mungu. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 2, panapotajwa toleo la unga, Kiebrania chasema kwamba ni nafsi inayotoa. Walimu wao wakauliza: kwa nini nafsi itajwe hapa, na siyo penye toleo la ng'ombe? Wakajibu kwamba unga ndio toleo la maskini. Naye akiuleta, Mungu humhesabia kana kwamba ametoa nafsi yake.

Ndiyo sababu kwao hata maskini anayelishwa kwa sadaka hana budi naye kutoa. Siku kuu ya Purimu, ukumbusho wa Malkia Esta, kila mtu humpelekea rafiki yake vyakula, angalau vya namna mbili, na kuwapa zawadi maskini wawili. Talmudi yasimulia habari za walimu wawili waliobadilishana chakula chao cha siku kuu. Huyu alikula cha yule, na yule alikula cha huyu. Kwa hesabu ya sokoni hakuna aliyepata faida. Lakini kila mmoja alikula zawadi.

Mwalimu wao mkuu Maimonides, aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, alipanga utoaji katika ngazi 8. Ya chini kabisa ni ya mwenye kutoa kwa uchungu. Ya juu kabisa ni kumpa mtu kazi, au mkopo, au kushirikiana naye, hata asihitaji tena kuomba. Katikati aliwataja walimu waliofunga fedha katika nguo na kuitupa nyuma ya mgongo, ili maskini waichukue pasipo kuona haya. Hapo tulifunga kitabu, kwa maana tulikumbuka kosa letu.

Zamani sisi makatekista tuliandika matoleo katika daftari, jina na kiasi, tukayasoma mbele ya watu wote. Mama mjane mmoja alileta bakuli la maharagwe. Tukamhurumia, tukamrudishia, tukisema: "Mama, uwapikie wajukuu." Tulidhani tumetenda wema. Alichukua bakuli lake kimya, na kwa miezi mingi hatukumwona tena kanisani. Tulipomtembelea alituuliza: "Ninyi mnafikiri mimi sina Mungu wa kumpa kitu?" Hatukupata jibu. Yezu hakumrudishia mjane wa Hekaluni sarafu zake mbili. Sisi tulijiona wenye huruma kumpita.

Kwa hiyo tumemwomba Baba Padri Paroko ruhusa, naye amekubali: leo daftari halitasomwa. Vikapu vimewekwa karibu na mlango wa upande, kila mtu apite kwa wakati wake. Wageni wetu watuwie radhi wakikuta maharagwe na franka vimechanganyika. Wapokeaji nao wamekwisha kuagizwa: wasimrudishie mtu chochote.