Mkanda wa Garini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya mkanda wa garini. Labda mtauliza, watu wa reli wana habari gani na mikanda, maana abiria wa treni hafungwi. Ni kweli. Lakini sisi wa genge la njia twachukuliwa kazini kwa gari la viti 14, pamoja na makoleo na mitaimbo. Na tena, habari ya mzigo usiofungwa twaijua kuliko wengi. Nani kati yetu angekubali vyuma vya reli vitoke stesheni juu ya behewa wazi bila minyororo? Breki zikishika, behewa husimama, vyuma havisimami. Mtu naye ni vivyo hivyo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila aliyemo anakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga, yeye huendelea na mwendo ule ule mpaka akutane na kioo, au usukani, au mgongo wa mwenzake. Ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10. Mikono haizuii hayo, hata mikono ya mtu wa nyundo.

Mwaka jana dereva wetu alimkwepa ng'ombe, gari likagonga kalavati. Ndugu aliyeketi mbele alikuwa amefunga mkanda vizuri. Aliyemvunja bega ni mwenzetu wa kiti cha nyuma yake, ambaye mkanda wake ulikatika zamani. Yeye mwenyewe hajarudi kazini hata leo. Mkanda ule tuliuona kila asubuhi, tukanyamaza.

Sheria si ngeni. Kanuni za marehemu Bwana John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilitolewa 2003 zikaanza kushika nguvu Februari 2004, nazo zilitaka mkanda katika kila kiti cha matatu. Siku zile matatu ziligoma, watu wakaenda kazini kwa miguu. Baadaye tukalegea. Siku hizi mkanda hufungwa askari akionekana, na akiisha pitwa hufunguliwa. Wengine husema ni mchafu. Mingi ni michafu kweli, lakini shati hufuliwa.

Na kufunga kuna namna yake. Ukanda wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, maana tumbo ni laini na hupasuka ndani. Mama mwenye mimba aupitishe chini ya mimba. Ukanda wa juu upite katikati ya bega na kifua, usiguse shingo, wala usiuweke chini ya kwapa kama tuonavyo madereva wengine wakifanya. Usiwe umejisokota. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja: ukimfunga mtoto pamoja nawe, uzito wako utamponda. Na mkanda uliokwisha kubeba kishindo cha ajali ubadilishwe, hata ukionekana mzima.

Sheria ya fidia ya kazini ya 2007 yahesabu safari katika gari la mwajiri kuwa ni kazi. Basi mikanda ya gari lile ni chombo cha kazi kama nyundo, na kuitengeneza ni juu ya mwajiri. Tumeihesabu: viti 14, mikanda mizima 9. Barua Katibu anayo. Tunaomba mkutano huu uipitishe leo, na Jumatatu tupande watu 9, waliobaki wangoje gari lirudi.