Kabla Jua Halijatua



Katika Kutoka sura ya 22, Mungu aliwapa Waisraeli sheria ya ajabu. Aliyeshika rehani vazi la maskini hakuruhusiwa kulilaza kwake. Ilimpasa kulirudisha jioni, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na kitu kingine cha kujifunika.

Twaikumbuka Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya ndugu zetu walikimbilia viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru, vituo vya polisi na nyua za makanisa. Mahema hayakutosha. Wengi walilala nje juu ya nyasi, watoto wakiwekwa katikati ili wapate joto. Nayo baridi ya Eldoret mwaijua.

Nasi je? Tuliwaombea kanisani, kisha tukarudi nyumbani kulala. Wengine wetu, kabla ya kutoa blanketi, tuliuliza kwanza, "Ni watu wa kabila gani?" Jua likatua tungali twauliza.

Wapendwa, baridi haichagui kabila. Anayelala nje usiku huu, awe amefukuzwa na vita au na mafuriko, huruma yetu ya kesho haitamfunika. Mungu aliiwekea huruma saa yake, nayo ni kabla jua halijatua. Tufungue masanduku yetu leo.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe mablanketi tuliyoyaweka yamekunjwa, ndugu zetu wakitetemeka. Amina.