Roketi: Kutoka Viazi vya Ujerumani Mpaka Ardhi ya Shaba

(Mazungumzo na wanakisomo wa Mbulu na Hanang)



Leo ni tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani. Siku kama hii tumezoea kuzungumza juu ya mbegu bora, maji safi na afya ya mtoto. Leo tumechagua jambo jingine. Tutazungumza juu ya roketi.

Labda mtu atauliza: roketi inatuhusu nini sisi, watu wa jembe na ng'ombe? Subirini kidogo, mtaona. Tarehe kama ya leo, 8 Septemba 1944, roketi za vita za Wajerumani ziliangukia Paris na London kwa mara ya kwanza. Na miaka 30 na kitu baadaye, kazi ya namna hiyo ilifika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi.

Roketi ni nini?

Chukueni puto la mtoto. Lijazeni pumzi, halafu liachieni bila kulifunga mdomo. Linafanya nini? Linaruka mbio. Pumzi inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Roketi ni hivyo hivyo. Mafuta huwaka ndani yake, hewa ya moto hutoka nyuma kwa nguvu, na roketi husukumwa mbele.

Lakini moto hauwaki bila hewa. Ukifunika jiko la mkaa, moto unakufa. Na huko juu sana hakuna hewa. Basi, roketi hubeba hewa yake yenyewe. Wajerumani walichukua oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayokoleza moto, wakaipoza mpaka ikawa maji. Maji hayo ni ya baridi kupita barafu mara nyingi.

Na mafuta je? Mafuta yalikuwa spiriti iliyochanganywa na maji. Spiriti hiyo ilitengenezwa kwa viazi mviringo, vile vile tunavyolima huku kwetu. Roketi moja ilimaliza spiriti ya kama tani 30 za viazi. Hesabuni wenyewe: gunia moja likiwa na kilo 100, hayo ni magunia 300. Yote yaliungua kwa dakika moja hivi! Na wakati huo watu wa Ulaya walikuwa wanapewa chakula kwa kipimo, na mahali pengi walilala njaa.

Kazi ya Peenemünde

Ujerumani wakati ule ilitawaliwa na Hitler. Mwaka 1937 jeshi lake lilifungua kituo cha roketi mahali panapoitwa Peenemünde, ufukoni mwa Bahari ya Baltiki. Mkuu wa kazi upande wa jeshi alikuwa Walter Dornberger. Mkuu wa mafundi alikuwa kijana Wernher von Braun. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Roketi nyingine zililipuka pale pale. Tarehe 3 Oktoba 1942 moja ilipaa vizuri, ikapita kilomita 80 kwenda juu.

Mlima wetu wa Hanang una mita zipatazo 3,420. Wekeni milima ya Hanang 24 mmoja juu ya mwingine, ndipo mtafika huko.

Roketi hiyo iliitwa V-2. Urefu wake ulikuwa mita 14. Uzito wake ulikuwa zaidi ya tani 12, na bomu la karibu tani moja lilikuwa kichwani. Ilikwenda kilomita 320, kama kutoka Mbulu mpaka Mwanza kwa njia ya ndege, kwa dakika tano tu. Ilikwenda mbio kuliko sauti. Kwa hiyo mtu hakusikia kitu chochote kabla. Ilianguka kwanza, mngurumo wake ukafuata. Hakuna aliyepata nafasi ya kukimbia.

Zaidi ya roketi 3,000 zilirushwa, nyingi katika miji ya London na Antwerp. Tarehe 16 Desemba 1944 moja iliangukia jumba la sinema mjini Antwerp. Watu 567 walikufa. Walikuwa wamekwenda kutazama picha tu.

Waliokufa gizani

Sasa sikilizeni jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Agosti 1943 ndege za Waingereza zilipiga mabomu Peenemünde. Wajerumani wakahamisha kiwanda, wakakiweka ndani ya mlima karibu na mji wa Nordhausen. Nani waliofanya kazi humo? Wafungwa. Walikuwa Warusi, Wapolandi, Wafaransa na wengine, kutoka kambi iliyoitwa Dora. Mwanzoni walilala humo humo ndani ya mashimo, kwenye vumbi, bila jua, bila maji ya kutosha. Katika Dora na makambi yake madogo walipita wafungwa kama 60,000. Kama 20,000 kati yao walikufa.

Ndugu zetu, hebu tupime. Waliokufa kwa kuitengeneza silaha hii walikuwa wengi kuliko waliouawa na silaha yenyewe. Na pamoja na hayo yote, Ujerumani ilishindwa vita mwaka 1945.

Baada ya vita mafundi hawakukaa bure. Marekani ilimchukua von Braun na wenzake wengi, ingawa von Braun alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler na ofisa wa jeshi lake la SS. Urusi ilichukua wengine. Kutokana na elimu hiyo Warusi walirusha satelaiti ya kwanza tarehe 4 Oktoba 1957. Wamarekani nao walifikisha watu mwezini mwezi wa Julai 1969, kwa roketi iliyoongozwa na von Braun huyo huyo.

Roketi ya Shaba

Haya, turudi Afrika. Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilifanya mkataba na serikali ya Mobutu wa Zaire, nchi ambayo leo ni Kongo. Mwanzilishi wa kampuni alikuwa Lutz Kayser. Mmoja wa wakubwa wake alikuwa mzee Kurt Debus. Huyu alifanya kazi ya V-2 kule Peenemünde, halafu akaongoza kituo kikubwa cha kurushia roketi huko Marekani.

Kampuni ilisema inataka kutengeneza roketi rahisi za kupeleka satelaiti juu. Walitumia mabomba ya kawaida ya kiwandani, mafuta ya taa na asidi kali. Hata injini ndogo za kufungulia mafuta zilikuwa zile za kufutia mvua kwenye kioo cha gari! Walirusha roketi ya kwanza tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu ilirushwa Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikaanguka.

Lakini tazameni ukubwa wa ardhi. Kampuni ilipewa haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba 100,000 katika mkoa wa Shaba mpaka mwaka 2000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mkoa wetu wote wa Manyara. Shaba inapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni nchi yetu. Watu wakaanza kuuliza: Je, hizi ni roketi za satelaiti au za vita? Kampuni ilikana habari za vita. Urusi ililalamika sana. Mwaka 1979 Mobutu aliifunga kazi hiyo, na kampuni ikahamia Libya.

Mkataba ule uliwekwa sahihi na wakubwa. Mkulima wa Shaba, aliyekuwa analima mihogo yake pale, hakuwa mezani. Sisi wa Hanang hatuhitaji kuelezwa sana. Tunakumbuka malisho yalivyogeuka mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na 1980. Wafugaji walikuta njia za kwenda majini zimefungwa, na makaburi ya wazee yamelimwa.

Kisomo chetu na jambo hili

Je, tuseme roketi ni mbaya? Hapana. Kule pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa pale satelaiti ya kuchunguza nyota. Iliitwa Uhuru. Haikumuua mtu. Na leo habari za mvua tunazosikia redioni zinasaidiwa na satelaiti.

Elimu ni kama panga. Panga hufyeka shamba, na panga huua jirani. Panga halichagui, anayechagua ni mshikaji. Kwa hiyo haitoshi kusema fulani ni fundi mkubwa. Tuulize pia: anamfanyia nani kazi? Nani anaumia? Nani anakula viazi, na viazi vya nani vinachomwa?

La pili ni hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Mkutano mkuu ni nani? Ni sisi watu wazima wa kijiji, wake kwa waume. Basi, mgeni akija na karatasi, akiwa na gari zuri na maneno matamu, tusikimbilie kuweka dole gumba. Tuseme: "Lete karatasi, tuisome." Tuisome kwa sauti mkutanoni, mpaka ukurasa wa mwisho. Tuulize ni eka ngapi, ni kwa miaka mingapi, na nani ataondoka.

Zamani tuliweza kusingizia kwamba hatujui kusoma. Leo tunajua. 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini roketi hubeba hewa yake yenyewe?
2. Ni akina nani waliotengeneza V-2 ndani ya mlima, na walipata nini?
3. Kijijini kwenu, ardhi ya mwisho kutolewa kwa mgeni ilijadiliwa katika mkutano mkuu? Nani aliisoma karatasi?